Diski Ikilala na Kuamka, Usikubali Kuambiwa Imekufa Bila Ushahidi

Wasee, kuna sauti inatisha kila mtu mwenye laptopu ya zamani. Uko tu unaandika kazi ya chuo, diski inazima, kimya. Unafungua folda, mashini inaganda sekunde kadhaa, halafu diski inaanza kuzunguka tena. Dakika mbili baadaye, mchezo ni ule ule. Ukipeleka kwa fundi unaambiwa, "Hii imekufa, leta pesa tuweke ingine."

Mimi nasema usitoe hata shilingi kabla hujaonyeshwa ushahidi.

Kulala kwa diski si ugonjwa. Laptopu nyingi za mtumba bado zina diski ya kuzunguka, na ili kuokoa betri, inaambiwa ipumzike isipotumika. Windows kwa kawaida huipa dakika 20. Shida ni kwamba diski zingine zina mpangilio wao wa ndani, mkali zaidi, unaorudisha vichwa vya kusomea pembeni baada ya sekunde chache tu. Si stori mpya, watumiaji wa Ubuntu walipigia hii kitu kelele 2007.

Na kila kurudi pembeni kunahesabiwa. Diski nyingi za laptopu zimetengenezwa kuhimili mara 300,000 au 600,000. Sasa piga hesabu: mara moja kila dakika, masaa nane kwa siku, ni mara 480. Hizo 300,000 zinaisha kwa siku 625. Hata miaka miwili haifiki! Unaokoa betri kidogo, unamaliza diski.

Kwa hivyo fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza, hamisha vitu vyako. Picha, video, project, kila kitu kiende kwa diski ingine au mtandaoni. Usianze kuchokorachokora kabla ya hapo. Kama inagonga tak-tak-tak na faili hazifunguki, usiendelee kuiwasha na kuizima. Hiyo ni shida ya kweli.

Pili, soma namba. CrystalDiskInfo ni ya bure. Mstari wa C1 unahesabu hizo safari za vichwa. Mistari ya 05 na C5 inaonyesha sehemu zilizoharibika au zinazoshukiwa. Zikiwa sifuri na C1 inapanda mbio, mshukiwa wa kwanza ni mpangilio. Zikiwa zinapanda, fundi amesema ukweli, anza kutafuta ingine.

Tatu, badilisha mpangilio. Kwa Windows, ingia mipangilio ya umeme na uzuie diski kuzimwa. Isiposikia, CrystalDiskInfo inaweza kubadilisha mpangilio wa ndani kwa diski zinazokubali. Kwa Linux, jaribu hdparm -B 254. Na kama ni diski ya nje, badilisha waya na tundu la USB kwanza. Umeme ukiwa hautoshi, nayo hulala na kuamka.

Najua kuna mtu atasema, "Si ununue tu SSD?" Sawa, SSD ni poa, haina kitu cha kuzunguka, na mashini ya zamani inakuwa kama mpya. Lakini kununua kwa sababu umeamua ni tofauti na kununua kwa sababu umetishwa. Na SSD mpya haitakurudishia picha za cucu ambazo hukuhamisha.

Next time ukiambiwa imekufa, sema tu: "Sawa boss, nionyeshe 05 na C5." Uone kama bei haitashuka.