Neno la Kiingereza Likikutisha, Likate Vipande

Nina fomu moja nyumbani, hapa Isebania, ambayo sijawahi kuitupa. Niliijaza nikiwa mwaka wa pili katika chuo fulani, karo iliponishinda. Nilidhani naomba kupumzika tu hadi nipate doo. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno "irrevocable". Sikulijua. Niliona aibu kuuliza, nikatia sahihi. Karo ilipopatikana nikarudi mbio, na karani akaniwekea kidole kwenye mstari ule: uamuzi wako hauwezi kubatilishwa. Safari yangu ya chuo iliishia hapo.

Sikusimulii haya unionee huruma. Nataka ujue jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimechelewa: neno lile lilikuwa la kukatwa vipande tu.

Tulikate pamoja. Katikati kuna "voc", inayotoka kwa "vocare" ya Kilatini, yaani kuita. Kabla yake kuna "re", kurudi. Mwanzo kabisa kuna "ir", inayokanusha. Mwishoni kuna "able", kuwezekana. Unganisha: kisichoweza kuitwa kirudi. Sasa cheki mzizi huo ulivyozaa. "Revoke" ni kufuta kibali kilichotolewa. "Advocate" ni mtu aliyeitwa aje akusaidie. "Vocation" ni wito. Hata "vocabulary" ni ndugu yao.

Najua utasema Kilatini ni cha mapadre na Kigiriki ni cha maprofesa. Tulia. Wewe unayeongea Kiswahili unaujua mchezo huu tangu utotoni. Kutoka "soma" unapata msomaji, somo, usomaji, somesha. Hakuna aliyekukalisha chini ukariri kila moja. Sasa mtu akikuletea barua isiyosomeka, angalia neno hilo: "si" inakanusha, "som" ni mzizi, "eka" inaonyesha kinachowezekana. Mwingereza anasema "illegible": "il" inakanusha, "leg" ni kusoma kwa Kilatini, "ible" inaonyesha kinachowezekana. Vipande vilevile, mpangilio uleule!

Lakini shuleni tulifundishwaje? Tulipewa orodha ya maneno 20 Ijumaa, tukayakariri kama kasuku, tukayatapika kwenye mtihani, na wiki iliyofuata yalikuwa yashatoka kichwani. Walimu wetu walijitahidi, sikatai. Ila ukimpa mtoto mzizi mmoja, umempa maneno kumi, na yale asiyowahi kuyaona anaweza kuyakisia.

Sisi wa mpakani tunaishi na mizizi hii kila siku. Ukivuka kwenda Sirari unakuta malori yamepanga foleni na makaratasi yameandikwa "import" na "export". "Portare" ni kubeba. "Import" ni kubeba kuingiza ndani, "export" ni kubeba kutoa nje, "transport" ni kubeba kupeleka upande mwingine. Ukikamatwa huna karatasi, unaweza kupewa "deport", ubebwe utolewe nchini. Na askari atakayeandika "report" anabeba habari kuirudisha kwa mkubwa wake.

Hapo hapo kuna mtego. "Passport" ina "port" pia, lakini ile inatokana na neno la bandari, mahali pa kupitia. Kwa hivyo mzizi unakusaidia kukisia, kisha kamusi inathibitisha. Usije ukatia sahihi kwa kukisia, utanikumbuka.

Kigiriki nacho kiko karibu kuliko unavyofikiri. Migori hii kuna migodi midogo ya dhahabu, na vijana wa rika letu hutumia zebaki kunasa dhahabu, kazi yenye sumu. Kwenye kemia zebaki huandikwa Hg, kifupi cha "hydrargyrum", neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha maji ya fedha, ile fedha ya kutengenezea vito. Ukishajua "hydr" ni maji, daktari akiandika "dehydration" hutashtuka: mwili umepungukiwa na maji.

Hata neno "shule" lina safari yake. Wagiriki walisema "skhole", wakati wa mapumziko. Warumi wakalichukua, Wajerumani wakalifanya "Schule", na walipotawala Tanganyika, hapo tu ng'ambo ya mpaka wetu, likaingia kwenye Kiswahili.

Kuna msee ataniuliza: kwa nini tujisumbue na lugha ya wakoloni? Swali ni la haki. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi fomu za karo, za mikopo na za kazi zingepaswa kupatikana kwa Kiswahili pia, na tuendelee kulidai hilo kwa sauti. Kutojua Kiingereza si ujinga. Lakini karatasi utakayopewa kesho asubuhi huenda ikawa ya Kiingereza, na sahihi itakuwa yako.

Kwa hivyo anza leo. Chukua daftari la shilingi chache. Andika mzizi mmoja kila baada ya siku mbili, na chini yake maneno matatu uliyoyaona kwenye karatasi halisi: risiti, mkataba, cheti cha hospitali. Kwa mwezi utakuwa na mizizi 15. Ukikutana na neno geni, likate, likisie, kisha hakikisha kwenye kamusi. Likikushinda, uliza kabla hujashika kalamu. Aibu ya kuuliza huisha kwa dakika moja. Mimi nina fomu yangu hapa, na mwaka wa tatu sikuufikia.