Barua ya wazi kwa madiwani wa England: Kiti cha mtoto kimekuwa biashara, na mlioachia nafasi ni ninyi

Waheshimiwa madiwani,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wazazi ninaowakalimania ndio ninaotaka wasome kwanza. Ninyi mna fungu la tafsiri kwenye bajeti. Mkiona barua inawahusu, litumieni.

Kazi yangu ni ukalimani. Huitwa na halmashauri, shule na hospitali kukaa kati ya afisa na mzazi anayezungumza Kiswahili, awe ametoka Goma, Bujumbura au Mombasa. Kwa kazi hiyo nimekaa kwenye vikao vingi vya EHCP, ule mpango wa elimu, afya na huduma ambao sheria ya mwaka 2014 inampa mtoto mwenye mahitaji maalumu, tangu anapozaliwa hadi atimize miaka 25. Kikaoni mkalimani hana maoni. Anasema ya wengine. Leo nasema yangu.

Siku hizi diwani akiulizwa kwa nini fedha za elimu maalumu hazitoshi, jibu ni moja: kampuni binafsi zinatukamua. Sibishi. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, katika ripoti yake ya Oktoba 2024, ilionyesha kwamba kiti kimoja katika shule maalumu ya binafsi huigharimu halmashauri takribani pauni 61,500 kwa mwaka, ilhali katika shule maalumu ya serikali ni kama pauni 23,900. Tuwe wa haki: baadhi ya shule hizo za binafsi ni za mashirika ya hisani yasiyogawa faida, na nyingine zinapokea watoto ambao shule za kawaida zimeshindwa nao kabisa. Nimekutana humo na walimu ambao ningewakabidhi mwanangu bila wasiwasi. Lakini pengo la zaidi ya pauni 37,000 kwa mtoto mmoja haliwezi kuwa lote la uzito wa hali ya mtoto.

Tazameni wenye shule ni nani. Kundi la Witherslack, moja ya makundi makubwa ya shule hizi, lilinunuliwa mwaka 2021 na Mubadala Capital, kampuni iliyo chini ya mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Abu Dhabi. Kwa msomaji wa Kiswahili mwenye ndugu wanaofanya kazi Ghuba, hili lina ladha yake: kodi anayoilipa Mkongomani wa Sheffield inapita kwa mtoto asiyesema, kisha sehemu yake inafunga safari kwenda kwa wenye mafuta. Abu Dhabi haina kosa hapo. Mwekezaji huenda penye mapato ya uhakika, na hakuna mapato ya uhakika kuliko kiti ambacho sheria inailazimisha halmashauri kukilipia.

Swali langu ni nani aliyewafungulia mlango.

Mwaka 2015 watoto na vijana wenye EHCP, au hati ya zamani iliyoitangulia, katika England walikuwa takribani 240,000. Januari 2025 walifika 638,700. Katika miaka hiyohiyo, halmashauri ikitaka shule mpya ilibanwa na sheria ya 2011, iliyoilazimisha kutafuta kwanza mwendeshaji wa nje ya mamlaka yake badala ya kufungua shule yake yenyewe. Maombi yakapanda Wizara ya Elimu, yakakaa foleni, yakarudi baada ya miaka. Watoto hawakungoja. Shule maalumu za serikali zikajaa mpaka vyumba vya vifaa vikageuzwa madarasa, na mwenye jumba la zamani la kifahari huko mashambani, lenye uwanja na usajili, akawa ndiye mwenye kiti pekee kilicho wazi mwezi wa Agosti. Mnunuzi anayekuja Agosti, kwa mtoto mmoja, akiwa na amri ya kisheria mkononi, hana ubavu wa kupunguziwa bei.

Hilo la sheria si kosa lenu, nakubali. Linalowahusu ni mlichofanya baadaye. Bei ilipopanda, wengi wenu hamkumgeukia muuzaji. Mlimgeukia mzazi.

Sheria inawapa wiki 20 kutoa mpango. Mwaka 2023 ni nusu tu ya mipango iliyotoka ndani ya muda huo. Mzazi akikataliwa hukata rufaa, na mnakwenda naye hadi mbele ya majaji; katika kesi zilizoamuliwa mwaka wa 2022/23, asilimia 98 zilimpa mzazi ushindi, wote au sehemu yake. Sijui biashara nyingine ambayo mtu angeshindwa kiasi hicho na bado mwaka unaofuata akatenga fedha za mawakili. Halafu serikali kuu ikawaletea washauri wa kuwafundisha kubana matumizi. Kampuni ya Newton Europe ilipewa mkataba wa pauni milioni 19.5 kwa kazi hiyo, na mwaka 2023 ikafichuka kwamba mkataba uliweka lengo la kupunguza mipango mipya kwa asilimia 20. Yaani hata dawa ya faida ya watu binafsi ilinunuliwa kwa mtu binafsi, na mlengwa alikuwa mtoto ambaye bado hajapimwa.

Niwaeleze kikao kimoja, bila kutaja mji wala mtu.

Mama ametoka Kivu Kusini, ana mtoto wa miaka sita mwenye usonji, asiyesema. Mpango uko mezani, umechelewa karibu mwaka. Sehemu F ndiyo inayotakiwa kusema mtoto atapata msaada gani, saa ngapi, kutoka kwa nani. Pale palikuwa na aya tatu nzuri zisizo na hata tarakimu moja. Mama akaniambia, "Dada, muulize nani atamfundisha kusema, na siku gani." Afisa akafungua kurasa, akarudi nyuma, akafungua tena. Alikuwa binti mpole, mgeni kazini. Faili lilikuwa limepita kwa watu wengine kabla yake. Akasema hayo yatapangwa na shule.

Tukafika Sehemu I, panapoandikwa jina la shule. Mama alitaka ile ya mwisho wa barabara yao, anakosoma binti yake mkubwa. Walimu walimjua mtoto, na walichokosa ni chumba tulivu na mtaalamu wa lugha na mawasiliano wa siku mbili kwa wiki. Jibu lilikuwa shule haiwezi. Shule maalumu ya mji imejaa. Ipo ya binafsi, mwendo wa dakika 50 kwa gari, na halmashauri italipa teksi pamoja na msindikizaji. Mama hakuiomba shule hiyo, wala hakuwahi kuisikia. Hakuwa na wakili, wala ripoti ya mwanasaikolojia wa kulipia. Alitia saini kwa sababu mtoto alikuwa nyumbani tangu Pasaka.

Nikisoma gazetini kwamba wazazi wanadai shule za bei mbaya, huikumbuka saini hiyo. Wapo wazazi wanaopigania shule fulani kwa uwezo wao wote, na wana haki. Lakini wazazi ninaokaa nao mimi hawajawahi kushinda kitu kwenye soko hili. Hupangiwa kilichobaki, na bili yake huandikwa kama tamaa yao. Halmashauri kwa jumla zinatumia zaidi ya pauni bilioni moja kwa mwaka kuwasafirisha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sehemu ya fedha hizo ni gharama ya chumba tulivu ambacho hakikujengwa.

Madeni nayo mnayajua kuliko mimi. Ilikadiriwa kwamba nakisi yenu ya elimu maalumu ingefika kati ya pauni bilioni 4.3 na 4.9 ifikapo Machi 2026. Tangu 2020 serikali imewaruhusu kuiweka nje ya hesabu zenu kuu, na Juni 2025 ruhusa hiyo ikasogezwa hadi Machi 2028. Deni lililofichwa kabatini linaendelea kuzaa riba, na wakati wote huo kiti cha Agosti kinazidi kupanda bei.

Kuna dawa iliyokwisha kuanza kwingine. Mwaka 2022 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ilichunguza makao ya watoto wanaolelewa na serikali, ikakuta kampuni kubwa zinapata faida ya wastani wa asilimia 22.6 kabla ya riba na kodi. Wales ikaamua moja kwa moja: sheria yake ya Machi 2025 inaondoa faida katika malezi ya watoto hao kwa hatua. Kwa England, mswada ulioletwa bungeni Desemba 2024 ulilenga kumpa waziri uwezo wa kuweka ukomo wa faida kwa makao na kwa malezi ya kambo. Shule maalumu hazikuwamo. Na kampuni nyingi zina makao na shule chini ya jina moja, mara nyingine ndani ya ua mmoja. Mfuko wa kushoto unashonwa, wa kulia umeachwa wazi. Mwambieni waziri hivyo, kwa sauti moja, kupitia jumuiya yenu ya halmashauri. Na ukomo ukija, usihesabu faida peke yake. Kampuni inaweza kuuza jengo la shule kwa kampuni dada na kulikodi kwa bei ya juu, au kujikopesha kwa riba nono, kisha ikawaonyesha vitabu visivyo na faida hata kidogo.

Mengine hayahitaji waziri. Sheria ya uwazi inawataka mchapishe kila malipo yanayozidi pauni 500, nanyi mnachapisha: majedwali marefu yenye jina la kampuni lakini si la mwenye kampuni. Andikeni kwenye ukurasa mmoja kila kundi mnalolilipa, watoto wangapi, kiasi gani, na linamilikiwa na nani. Nunueni viti pamoja na halmashauri jirani, kwa miaka mitatu au minne, kabla ya Agosti. Kwa fedha mnazowalipa mawakili kwa kesi mnazojua mtashindwa, waajirini wanasaikolojia wa elimu na wataalamu wa mawasiliano, wakae shuleni. Mswada huohuo wa 2024 uliandikwa pia kuwaondolea kikwazo cha 2011, hivyo kisingizio cha kutoweza kujenga kinakwisha.

Anzeni na vyumba vilivyo ndani ya shule za kawaida, kwa sababu ni vya haraka na mama anaweza kufika kwa miguu.

Sasa wazazi wenzangu, kwenu neno moja la kazi. Kila halmashauri inatakiwa kisheria kuwa na huduma ya ushauri wa bure kwa wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu, isiyoegemea upande wowote; ulizeni jina lake shuleni. Mna haki ya kutaka Sehemu F iandikwe saa na siku. Na mkikataliwa, rufaa haina ada: ipelekeni ndani ya miezi miwili tangu tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi.

Wenu,
Mkalimani wa jamii, England