Dawa Tunauziwa, Ugonjwa Hatuambiwi

Sisi wenye mashamba ya parachichi na maembe hapa Songea tumechoka kuuziwa dawa kabla mtu hajaukagua mti.

Mparachichi ukipauka majani, ncha za matawi zikakauka na matunda yakadumaa, tunakimbilia duka la pembejeo. Tunapewa chupa, tunapulizia, na mti unakufa hivyo hivyo. Mara nyingi ugonjwa uko chini. Kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi huishi udongoni na hustawi maji yanapotuama. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zikilowesha shamba tambarare, mizizi myembamba hugeuka myeusi ikakatika. Hapo kinachosaidia kwanza ni mifereji, matuta, matandazo na mche safi tangu kitaluni. Tulipohamasishwa kupanda parachichi aina ya Hass, tuliimbiwa bei. Habari za mizizi hakuna aliyezitaja.

Kwenye maembe kuna nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyebainika Kenya na Tanzania mwaka 2003. Jike hutaga mayai chini ya ganda, funza hulila tunda, kisha hujichimbia udongoni na kutoka nzi wapya. Mmoja wetu akiokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia, huku jirani akiyaacha yaoze, jasho lake limepotea. Mitego ya nzi hao nayo inataka itegwe mashamba yote kwa pamoja. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa mfuko wa mtu mmoja mmoja.

Na sheria haikosekani: Sheria ya Afya ya Mimea ipo tangu 2020. Mwaka 2022 Tanzania na China zilisaini makubaliano ya kuingiza parachichi zetu kule. Masoko ya nje kama hilo hayataki mdudu wala mabaki ya dawa yanayozidi kiwango, na mzigo ukikataliwa, hasara inashukia kwa mkulima.

Basi tunadai haya. Bwana shamba apewe usafiri afike shambani, achimbue na kutazama mizizi kabla ya kutaja dawa. Sampuli zetu zipimwe na majibu yaturudie. Vitalu vikaguliwe, na dawa zisizo na lebo ziondolewe madukani. Vijiji viwe na sheria ndogo ya kufukia matunda yaliyooza, imguse kila mwenye mwembe. Yote yaanze kabla ya mvua za Novemba, miche mingine haijaingia ardhini.