Tochi ya Laela kabla ya kisu cha Muhimbili

Neva ya jicho hupenya tundu jembamba la mfupa ndani ya fuvu ikielekea kwenye ubongo. Katika osteopetrosisi, maradhi adimu ya kurithi, mwili hushindwa kumeng'enya mfupa mkuukuu, mfupa mpya ukarundikana juu yake hadi tundu likaikaba neva. Mtoto aliyezaliwa na aina kali aweza kupoteza uoni ndani ya miezi ya mwanzo. Bingwa wa upasuaji wa ubongo anaweza kuchonga mfupa ule na kuipa neva nafasi, lakini kisu huokoa kilichobaki tu. Neva iliyokwisha kufa haifufuki. Kwa hiyo mkoa wa Rukwa usianze kwa kudai chumba cha kupasulia fuvu pale Sumbawanga. Udai kwanza watoto wapimwe macho Laela, Matai na Namanyere, tena mapema, ili safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili isiwe ya kwenda kuambiwa mmechelewa.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaikie maradhi ya nadra ilhali wodi zimejaa malaria. Jibu ni kwamba kipimo hakibagui. Mhudumu humulika tochi jicho moja, akaihamishia la pili, akarudia. Mboni ikitanuka badala ya kusinyaa inapofikiwa na mwanga, huenda neva ya jicho hilo ina kasoro. Akiona weupe ndani ya mboni, huenda ni mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Tochi ni ileile, na dakika ni mbili.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba upasuaji wenyewe waweza kuzima uoni uliosalia. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kupima. Katika fibrasi displasia, maradhi mengine ya mfupa ambapo tishu ya nyuzinyuzi huchukua nafasi ya mfupa na kuuvimbisha, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa wagonjwa wengi waliona vizuri ingawa neva zao zilikuwa zimezingirwa na mfupa. Mwenye kuona vizuri hapasuliwi eti kwa kujikinga tu. Hufuatiliwa kila mwaka, na uoni ukishuka ndipo kisu hufikiriwa. Sasa, mzazi wa wilaya ya Kalambo, Rukwa, atamudu vipi nauli na malazi ya Dar es Salaam kila mwaka, ili mwanawe asomeshwe herufi ukutani? Herufi hizo zisomwe kituo cha afya cha jirani, matokeo yaandikwe kwenye kadi, na mstari uliosomeka mwaka jana usiposomeka mwaka huu, rufaa iandikwe siku hiyohiyo.