Amali kwa Chaki au kwa Spana? Hoja ya Kigari cha Injini Ndogo Kilwa

Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema. Kwa methali hiyo watoto wengi wa pwani yetu wameondolewa kwenye magari ya waya na mabati wanayoyaunda wenyewe, wakarudishwa kwenye madaftari. Leo ninaipinga, walau kwa mchezo mmoja: kuunda kigari cha wazi cha magurudumu manne, kinachosukumwa na injini ndogo iliyotolewa kwenye mashine nyingine. Duniani kinajulikana kwa jina la gokati.

Mchezo huu una historia yenye uzito. Mwaka 1956, huko California, Marekani, fundi wa magari ya mashindano aitwaye Art Ingels aliunda gokati ya kwanza kwa mabomba ya chuma na injini ya mashine ya kukatia nyasi. Miaka 10 kabla yake, katika Japani iliyoharibiwa na vita, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Kampuni inayobeba jina lake ilichipuka kutokana na baiskeli hizo. Hawa wawili hawakusubiri injini mpya. Walianza na ile iliyokuwapo.

Kilwa mashine ya kukatia nyasi ni adimu, maana nyasi tunazikata kwa fyekeo. Injini ndogo, hata hivyo, hazikosekani: zipo kwenye pampu za kumwagilia na jenereta za madukani. Tena kwa kazi hii injini ya pampu ni afadhali. Shafti ya injini nyingi za kukatia nyasi husimama wima, kwa kuwa kisu huzunguka chini yake. Shafti ya pampu hulala, hivyo cheni hunyooka hadi kwenye ekseli ya nyuma.

Hapo ndipo mchezo unapogeuka darasa. Tuseme injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika, na gurudumu lina mzingo wa mita 1. Vikiunganishwa moja kwa moja, hesabu inatoa kilomita 216 kwa saa, mwendo ambao injini hiyo haina nguvu ya kuufikia. Weka sproketi ya meno 10 kwenye injini na ya meno 60 kwenye ekseli: mwendo unashuka hadi kilomita 36 kwa saa, na nguvu ya kuzungusha gurudumu inaongezeka takribani mara 6. Uwiano, mzingo wa duara na msuguano, mada ambazo nimeona wanafunzi wakizikariri hadi chuo kikuu bila kuzigusa, zote zimo katika chuma kinachobebeka na watu wawili.

Ninayasema haya sasa kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Swali ni moja: amali hiyo itafundishwa kwa chaki au kwa spana? Kwa Kilwa swali hili si dogo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mradi mwingine mkubwa wa kusindika gesi umepangwa Likong'o, Lindi. Mitambo hiyo itahitaji mafundi. Kijana ambaye hajawahi kufungua injini ya pampu atabaki kulinda lango lake.

Wapo watakaosema kwamba ninawahimiza watoto kujiua. Hofu yao ni ya haki, na jibu lake ni utaratibu. Breki zifungwe na kujaribiwa kabla ya injini. Cheni ifunikwe, swichi ya kuzimia iwe karibu na mkono, dereva avae kofia ngumu, na kigari kisitoke nje ya uwanja uliozungushiwa uzio. Kukataza peke yake kutakihamishia kwenye barabara kuu, usiku, bila mwalimu.

Ninapendekeza kila shule ya mkondo wa ufundi wa mitambo ipewe injini moja chakavu kwa kila kikundi cha wanafunzi, na kazi yao ihesabiwe katika alama. Walimu wasaidizi tunao: mafundi wanaotengeneza bodaboda na mashine za boti Masoko na Kivinje. VETA tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Tuutumie kuwaingiza darasani kwa heshima na kwa malipo.

Kilwa Kisiwani iliwahi kufua sarafu zake yenyewe. Wajukuu wa mji huo hawaombi kiwanda leo. Wanahitaji injini mbovu, seti ya spana, na mtu mzima wa kusimama karibu nao.