Gari la waya halihitaji mteja

Jumamosi mchana pale Namanga, nyuma ya marobota ya mitumba na magunia ya maharage, watoto wa wafanyabiashara huwa na kazi zao. Kandambili zilizochakaa zinakatwa kuwa magurudumu, waya unanyooshwa kwa jiwe, chupa ya maji inageuka tangi la mafuta. Kufikia jioni lori limekamilika, lina na tela. Fundi wake, mwenye miaka tisa, ametazama malori ya kweli yakisubiri foleni mpakani mpaka anajua kila tairi linakaa wapi.

Mama anarudi kutoka upande wa pili, amechoka, na neno la kwanza ni, "Hebu niondolee takataka hizi." Hasemi kwa ubaya. Halafu anafungua mkoba na kutoa gari jipya la plastiki, la betri, alilonunua kufidia siku tatu ambazo hakuwepo. Kabla wiki haijaisha betri zimekufa, na lile lori la waya liko jaani. Mama ametoa fedha zake mwenyewe kuondoa kitu bora na kuweka kitu duni.

Ubora wa lile lori hauko kwenye sura yake. Gurudumu la kwanza lilipinda, likakatwa upya. La pili lilizunguka lakini likawa linachomoka, mpaka mtoto akabana kizibo cha soda mwisho wa waya. Hakuna aliyemwelekeza. Gari la betri linamtaka abonyeze kitufe, basi.

Wanaovuka Kasumulu kwenda Malawi huenda wamesikia habari za William Kamkwamba. Akiwa na miaka 14, mwaka wa njaa kubwa, aliacha sekondari huko Kasungu kwa kukosa ada. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, akaona kitabuni picha ya mitambo ya upepo, na mwaka 2002 akajenga wa kwake kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na miti ya mkaratusi. Vyuma vingi aliviokota jaani; dainamo alinunuliwa na rafiki yake. Watu walimwona kichaa mpaka taa ilipowaka. Leo anasimuliwa kama shujaa, lakini wanaomsimulia husahau ule muda mrefu kabla ya taa, wakati alichokuwa nacho ni rundo la vyuma tu. Laiti mtu mzima mmoja angefagia uwanja siku hiyo, habari ingeishia hapo.

Si kila mtoto atawasha taa, na haina haja. Kosa la pili la wazazi wa mpakani linatokana na kusahau hilo, na ni kosa la wafanyabiashara hasa. Binti anasuka kikapu kwa ile mikanda ya plastiki inayofungia marobota. Kinapendeza. Mzazi anakigeuza mkononi mara mbili na kusema, "Tengeneza kumi, nivipeleke Arusha." Cha kwanza binti alikisuka kwa kutaka kuona rangi mbili zikipishana. Kufikia cha saba anasuka kwa sababu ameagizwa, na cha kumi kinafanana na cha tisa. Kuuza si dhambi, na ada hailipwi kwa sifa. Lakini mtoto aliyepangiwa bei mapema hujifunza kurudia kile kilichonunuliwa jana.

Na huyo binti ana bahati ya kupata nafasi ya kusuka. Vibandani wavulana wanapounda malori, dada zao mara nyingi wamebeba mtoto mgongoni, wanatazama.

Shule zimeanza kuamka. Kenya iliingiza mtaala wa umilisi madarasani mwaka 2019, na Tanzania ilianza mitaala yake mipya Januari 2024. Yote inataka mwanafunzi atende kwa mikono yake. Lakini mzazi aliyefika nyumbani saa tatu usiku hununua dukani kile ambacho mtoto alitakiwa kukiunda, au hukiunda mwenyewe huku mtoto amelala. Alama zinapatikana. Aliyejifunza ni mzazi.

Mfanyabiashara hakosi ujuzi wa kulea ubunifu, maana kazi yake yote ni kuuliza. Akishika kitenge huuliza kimetoka wapi, kimetengenezwa kwa nini, kitadumu? Maswali hayo hayo akimuuliza mwanawe kuhusu lori, bila kulisifu kupita kiasi na bila kulipangia bei, mtoto atasema mengi na kesho ataunda jingine. Gharama yake ni katoni moja kwenye kona ya kibanda: waya, vizibo, mikanda, vipande vya kitambaa. Nyembe na makopo ya dawa yasiingie humo.

Kwa mama aliyelala ng'ambo, mtoto akiwa kwa bibi, simu ya jioni huwa fupi: umekula, umeoga, mpe bibi. Dakika mbili zaidi zinatosha kuuliza, "Lile tela ulilifungaje?" na kunyamaza mpaka aeleze.