Fuvu ni Shahidi, Tusimlishe Maneno

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, vijana wetu hurudi kutoka shuleni na swali zito: mafuvu ya kale yanatuambia nini kuhusu ubongo wa mwanadamu? Wengi hujibiwa kwa karipio. Kijana aliyekaripiwa hunyamaza mdomo tu. Moyoni huanza kudhani kuwa elimu na imani haziketi jamvi moja.

Tuutazame ushahidi wenyewe. Julai 17, 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aligundua fuvu lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Likaitwa Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliupa mwambao wetu. Ubongo huoza upesi, lakini uwazi wa ndani ya fuvu hubakia, na kwa huo wataalamu hupima ujazo. Wa Zinj ulikuwa kama sentimita za ujazo 500. Wetu leo ni wastani wa 1,350 hivi.

Hayo ndiyo asemayo shahidi huyu: ukubwa, na kwa kiasi fulani umbo. Fikra na ibada hazikuandikwa mfupani. Hata Louis Leakey, mumewe Mary, kwanza alidhani Zinj ndiye fundi wa zana za mawe za hapo. Kufikia 1964 sifa hiyo alimpa Homo habilis, mwenye ubongo mkubwa zaidi, aliyepatikana bonde lilo hilo.

Wapo wanaoyakataa mafuvu yote kwa kutaja uzushi wa Piltdown, Uingereza, uliotangazwa 1912: fuvu la mtu na taya la orangutani. Lakini walioufichua mwaka 1953 ni wanasayansi wenyewe. Je, desturi hii ni ngeni kwetu? Maulamaa waliwachunguza wapokezi mmoja mmoja, wakapambanua hadithi sahihi, dhaifu na za kuzua. Hawakuzitupa zote kwa sababu ya waongo.

Basi umri na ujazo wa fuvu tuwaulize wapimaji. Lakini anayedai kuwa fuvu limethibitisha kutokuwepo kwa Muumba amemlisha shahidi maneno, sawa na anayemziba mdomo.

Fuvu la Zinj limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kijana akiuliza, tumjibu kwa upole na kwa ujuzi.

Wabillahi tawfiq.